Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Udongo na Hesabu ya Shamba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ya Chama imetuagiza sisi tunaoshika kalamu ofisini tuseme maneno machache juu ya kilimo, kabla shauri la mikopo ya mashamba halijaletwa mbele yenu mpate kulikata. Twajua ya kuwa si desturi karani kuwafundisha wazee kulima. Wengi walioketi hapa walishika jembe kabla sisi hatujazaliwa. Lakini kazi yetu ni hesabu, na neno tulilo nalo leo ni la hesabu. Shamba lina mali mbili, fedha na udongo. Na mtu aweza kupokea fedha mkononi huku mali ile ya pili ikimtoka bila yeye kujua. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Wengi hudhani neno hilo ni la wenye maduka. Sisi twaona lamhusu mkulima zaidi, kwa kuwa mwenye duka huona rafu zake zikiwa tupu, lakini udongo ukichoka rangi yake hubaki ileile.

Habari za Ukambani

Wengi wetu twatoka Machakos na Makueni, na habari za nchi hiyo zatufaa kuwa mfano. Katika miaka ya 1930 maofisa wa Serikali ya kikoloni waliitazama Ukambani wakaona milima mitupu na makorongo mekundu, wakaandika ya kuwa nchi inakwisha. Dawa waliyoichagua ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 watu waliandamana mpaka Nairobi, kiongozi wao akiwa Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai kusikilizwa. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini Serikali ilibidi iache kupunguza mifugo kwa shuruti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja shuruti nyingine, ya kuchimba matuta. Mengi ya kwanza yalikuwa membamba, nayo yalibomoka upesi. Katika miaka ya 1950 watu walianza kushika namna nyingine, matuta mapana yaliyokaa kama ngazi, na kazi ilifanywa na mwethya, yaani vikundi vyetu vya kusaidiana, ambamo mama zetu walikuwa wengi. Miaka hiyohiyo wakulima Waafrika wa huko walianza kupanda kahawa, na mboga zikapata soko. Basi tuta likageuka kuwa kitu cha kuleta shilingi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 shuruti iliondoka na kazi ikapungua kwa muda, lakini haukupita muda mrefu watu wakachimba tena kwa hiari yao.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya habari hizi. Walipolinganisha Machakos ya miaka ya 1930 na ile ya mwisho wa miaka ya 1980, waliona watu wameongezeka kama mara sita, hali mmomonyoko umepungua na mazao kwa kila mtu yameongezeka. Wengine wamesema baadaye ya kuwa si kila nyumba ilipata sehemu sawa ya neema hiyo, nao wana haki. Lakini jambo moja ni wazi. Amri peke yake haikuuponya udongo. Ulipona pale mkulima alipoona faida ya kuutunza. Na faida haionekani vema isipokuwa kwa hesabu.

Maji ya mvua na matuta

Tuanze na mali iondokayo upesi. Udongo wetu mwekundu una mboji kidogo, na mvua kubwa ikiupiga ukiwa mtupu hufanya gamba juu yake. Maji hayapenyi tena, huteremka, na huchukua kwanza ule udongo mwepesi wa juu, ambao ndio wenye chakula cha mimea. Mtu aweza kusema, "Kilichokwenda ni kidogo." Basi tupime. Udongo wa unene wa milimita 1 tu, ukiondoka katika eka moja, uzito wake wapata tani 5. Ni shehena ya lori zima, imetoka shambani pasipo mtu kuiuza wala kulipwa.

Namna ya kuzuia jambo hili mwaijua: ni mtaro wa fanya juu. Hupimwa kwa kamba na pimamaji ili mstari uwe sawa kimo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha huchimbwa mtaro, upana na kina kama nusu mita au kuzidi kidogo, na udongo hurushwa upande wa juu. Juu ya tuta hupandwa majani ya nepia au makarikari, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Kila msimu udongo hujikusanya nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa mteremko huwa ngazi. Mtaro usiopimwa ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro, kwa kuwa hukusanya maji mahali pamoja kisha huyaachia kwa nguvu, na hapo ndipo korongo huanza. Vilevile tuta lililobomoka lirekebishwe kabla mvua za Oktoba hazijafika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twataja mvua za Oktoba makusudi. Katika sehemu nyingi za Ukambani mvua za vuli huaminika kuliko za masika. Shamba lililotayarishwa mapema, na mbegu iliyotangulia mvua au kuandamana nayo, hupata maji yote ya msimu. Anayesubiri mpaka jirani amalize palizi hupata masalio. Mbegu ya Katumani, ambayo ilitokana na kazi ya kituo cha utafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, ilipendwa kwa sababu hukomaa upesi kabla mvua haijakatika. Kupanda mapema hakugharimu hata senti moja, wala hakuhitaji mkopo.

Deni la udongo

Sasa twaja kwenye mali iondokayo polepole. Gunia la mahindi la kilo 90 likitoka shambani hutoka na naitrojeni ipatayo kilo moja na nusu, pamoja na fosforasi na vyakula vingine vya mimea. Magunia 8 yametoka na kilo 12. Na mabua yakiuzwa au yakichomwa moto, hasara huzidi. Je, kilichorudi ni nini? Gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia iitwayo DAP lina naitrojeni kilo 9. Gunia kama hilo la CAN, ambayo hutiwa mahindi yakiwa yamekua kiasi, lina kilo 13. Mkulima atiaye gunia moja la DAP na kuvuna magunia 8 bado hajalipa alichochukua. Naye asiyetia kitu anakopa msimu baada ya msimu. Dawa ya deni ni kulipa, na udongo usipolipwa hupunguza mavuno kidogo kidogo, hata mwenyewe akasema ardhi imelaaniwa au mbegu za siku hizi hazifai.

Deni hili si lazima lilipwe dukani lote. Mbolea ya zizi, ikitunzwa, ikiwa kavu ina naitrojeni kama sehemu moja au mbili katika mia. Lakini iliyoachwa juani na mvuani miezi mingi nguvu zake nyingi zimekwisha potea, na mtu hubeba mchanga akidhani anabeba mbolea. Ifukiwe shimoni au ifunikwe kwa majani, chini ya kivuli, na mabua yaliyosazwa na ng'ombe yatandazwe zizini yanyonye mkojo, ambao una naitrojeni nyingi. Kadhalika tusiache mazao ya asili ya kwetu. Kunde, ndengu, maharagwe na mbaazi hutwaa naitrojeni hewani kwa msaada wa vijidudu vya mizizini. Mbaazi zikipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huenda chini sana, na majani yake huanguka yakarutubisha udongo. Kisha twazila na kuziuza. Wazee waliochanganya mazao shambani hawakuwa wajinga, na sayansi imewapa haki.

Neno la tahadhari juu ya mbolea ya dukani. Mbolea kama DAP, ikitiwa mwaka hata mwaka pasipo samadi, yaweza kuongeza uchachu katika udongo, na udongo uliochachuka hunyima mmea chakula hata kikiwamo. Kwa hiyo yafaa udongo upimwe kabla ya kutumia fedha nyingi. Chota udongo mahali pengi katika shamba, kina cha sentimita 20, ukiepuka kichuguu, mpaka wa shamba na mahali palipokuwa na zizi. Changanya vema katika ndoo safi, utwae kiasi cha nusu kilo upeleke kupimwa. Kupima ni nafuu kuliko kununua magunia yasiyohitajiwa.

Hesabu ya eka moja

Bwana Mwenyekiti, tumefika katika kazi yetu wenyewe. Tumeandika hesabu ya eka moja ya mahindi. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Kulima: shilingi 3,500.
Mbegu, kilo 10: shilingi 1,500.
Mbolea: shilingi 4,000.
Palizi mara mbili: shilingi 5,000.
Kuvuna na kupukuchua: shilingi 2,500.
Magunia na usafiri: shilingi 1,500.
Jumla ya gharama: shilingi 18,000.

Tuseme mavuno ni magunia 8, na kila gunia ni shilingi 3,000. Mapato ni shilingi 24,000, na faida ni shilingi 6,000. Mavuno yakiwa magunia 6, mkulima amerudisha gharama zake tu. Yakiwa magunia 5, amepata hasara ya shilingi 3,000. Basi katika mfano huu gunia la sita ndilo mpaka, na mkulima mwenye daftari aujua mpaka wake kabla hajapanda.

Tazameni tena. Magunia ni yaleyale 8, lakini mwenyewe ana haja ya fedha, akauza siku ya kuvuna kwa shilingi 2,000 kila gunia. Mapato yamekuwa shilingi 16,000, naye amepata hasara ya shilingi 2,000 katika mwaka wa mvua njema. Wala hakuona hasara hiyo, kwa sababu siku ile alihesabu noti mkononi, na gharama alizitoa kidogo kidogo miezi minne iliyopita. Miezi michache baadaye mkewe hununua unga kwa gorogoro, kwa bei ya juu, na labda ni mahindi yaleyale yaliyotoka shambani kwake. Kwa hiyo yatupasa kwanza kutenga chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo, kisha kuuza kiasi cha kulipia haja za lazima, na yaliyobaki kuyaweka. Lakini anayeweka sharti akaushe nafaka vema, na aitie katika magunia yasiyopitisha hewa au chombo kingine kifungwacho barabara, maana akiwaachia dumuzi ghala yake, faida ya kungoja bei italiwa nao.

Kuna kosa la tatu, nalo ndilo lililofichika kuliko yote. Mtu akiacha mbolea, gharama zashuka kuwa shilingi 14,000. Na kama msimu ule udongo ulikuwa bado na akiba na mavuno hayakupungua, faida yake itaonekana kuwa shilingi 10,000. Atajisifu mbele ya jirani. Lakini shilingi 4,000 katika hizo amezikopa udongoni, naye hakuziandika popote. Ndiyo maana twaomba daftari la shamba liwe na kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kulia ni wa fedha: tarehe, kilichotolewa, kilichoingia. Ukurasa wa kushoto ni wa udongo: magunia yaliyotoka, mabua yaliyotoka, wilbaro za samadi zilizorudi, magunia ya mbolea, hatua za matuta zilizorekebishwa. Mwisho wa msimu kurasa zote mbili zifungwe pamoja. Shamba lenye faida kulia na deni kushoto, miaka mitatu mfululizo, ni shamba linalouzwa, hata kama hati ingali sandukuni.

Jembe na wilbaro pia huzeeka. Kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 5,000, kikidumu miaka mitano, kimekula shilingi 1,000 kila mwaka. Zitengwe, ili kikiharibika kisitulazimishe kuuza mbuzi. Na kazi ya watu wa nyumbani iandikwe kwa bei ya kibarua, hata kama hakulipwa mtu. Twasema hili kwa heshima, mbele ya wazee. Katika nyumba nyingi za wanachama baba yuko mjini, na mama ndiye alimaye. Yeye ndiye ajuaye palizi ilichukua siku ngapi, na samadi ilifika mpaka tuta la ngapi. Ni haki na ni busara yeye awe mshika daftari, na ya kuwa fedha za mavuno zisipelekwe mjini zote kabla mbegu na mbolea za msimu ujao hazijatengwa. Asiyejua kuandika ana mtoto shuleni. Mtoto huyo atajifunza hesabu iliyo na maana nyumbani kwao.

Juu ya mikopo

Fedha za Chama ni michango yenu. Kwa hizo tumewazika wenzetu, na kwa hizo watoto kadhaa wamebaki shuleni. Fedha hizo zikikopeshwa na zisirudi, siku ya msiba tutatazamana. Kwa hiyo lazima tuseme wazi mkopo wa namna gani waweza kurudi.

Mkopo wa msimu ununue kitu kilipacho ndani ya msimu, kama mbegu na mbolea. Matuta hulipa kwa miaka mingi. Hayo yafaa yachimbwe kwa nguvu za mwethya, au kwa akiba, wala si kwa deni la miezi sita. Tena mkopo upimwe kwa mwaka mbaya. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 9,000 kwa miezi sita, riba sehemu moja katika mia kila mwezi. Riba ni shilingi 540, na deni lote ni shilingi 9,540. Gunia likiwa shilingi 3,000, atalipa kwa magunia matatu na kidogo. Likiwa shilingi 2,000, atatoa karibu magunia matano. Kama mwaka mbaya humpa magunia matano, basi mwaka huo watoto wake watalala njaa ili alipe, au hatalipa. Mtu huyo akopeshwe nusu, na kufanya hivyo si kumdharau. Na kwa kuwa mvua za kwetu hukatika mara nyingi, twaona afadhali malipo yangoje mavuno kuliko kudaiwa kila mwezi, na muda wa ziada uwekwe katika kanuni tangu mwanzo, ili anayekosa mvua asitafute kwa kificho mkopeshaji wa mtaani.

Wazee wetu, mwajua kuliko sisi jinsi vipande vya ardhi vinavyokwenda. Eka ya kwanza huuzwa kwa karo, ya pili kwa hospitali, na mwishowe kijana hurithi kiwanja cha kaburi la babake. Hatusemi haja hizo si za kweli. Twasema nyumba iliyojua hesabu yake miaka mitano mapema mara nyingi ingeweza kuuza mbuzi, au mbao za mti, au ndengu za msimu mmoja, badala ya kuuza kitu ambacho hakirudi.

Shauri letu

Kwa hayo twaleta mbele ya Mkutano mambo manne, myakubali au myakatae.

Kwanza, asipewe mtu mkopo wa kilimo ila aonyeshe daftari la misimu miwili, kurasa zote mbili. Kwa wasio na daftari leo, misimu hiyo ianze na mvua zijazo.

Pili, daftari lisomwe na mzee mmoja wa kijiji chake ambaye alijua shamba lile, wala si na karani peke yake. Maana karatasi yaweza kusema uongo, lakini korongo halifichiki.

Tatu, jina la mama wa nyumba litiwe katika karatasi ya mkopo pamoja na la mumewe, na fedha zisitolewe mpaka wote wawili wamekubali.

Nne, sehemu ya riba itakayopatikana isirudi katika mfuko mkuu, bali inunue pimamaji na kamba kwa kila kijiji chenye wanachama kumi au zaidi, na ilipe gharama ya kupima udongo.

Daftari zimekwisha pigwa mistari, nazo ziko mezani kwa Mweka Hazina; kila nyumba itwae moja kabla ya kuondoka.